Barua Iliyofunikwa

Sisi walimu tumejiandikisha katika vyama vingi vipashavyo habari kwa barua pepe, hata kila asubuhi twazikuta zimejaa kama kumbikumbi baada ya mvua. Chini ya wingi huo barua ya mzazi mmoja ilikaa siku tisa. Aliomba tumwandikie binti yake ushuhuda wa tabia, apate kuomba msaada wa karo. Tulipoifungua, muda ulikuwa umekwisha. Tuliona haya kumtazama mzee yule.

Kwanza tulijaribu kuzichuja kwa neno la kichwa, “mtihani”. Lakini wazazi nao huandika neno hilo, na barua zao zikachukuliwa pamoja na za vyama. Kumbe barua za vyama, zilizo nyingi, hubeba alama iliyofichwa, List-Id, iliyowekewa kanuni mwaka 2001. Barua ya mtu kwa mtu haina. Basi tumeiagiza programu kila yenye alama hiyo iende katika jalada la chama chake, ikangoje Jumamosi. Vyama tusivyovisoma tumejitoa.

Mwaka huu mzee yule aliandika tena. Tulimjibu kabla ya kengele ya kwanza.