Dawa ya Kipara Ikija, Waume Zetu Wataitaka?

Leo tunakuja na suali lililoanza kama mzaha likaishia kututoa machozi, ndiyo maana tumeona tuliandike.

Ilikuwa Sikukuu Mosi, nyumbani kwa wazee wetu. Biriani limeshaliwa, watoto wameshakwenda viwanjani, kahawa inazunguka. Mpwa wetu mmoja, simu mkononi kama kawaida yao, akatusomea kuwa wataalamu wanajaribu dawa za kuamsha mashina ya nywele yaliyolala, na huenda siku moja kipara kikawa habari ya zamani. Ukumbini pale palikuwa na vipara vitatu: cha baba, cha shemeji yetu, na cha kaka yetu, ingawa hicho cha tatu kilikuwa chini ya kofia. Basi sisi madada watatu tusiojua kunyamaza tukawatupia suali kwa pamoja: "Haya, dawa ikiingia dukani kesho, nani ataitaka?"

Baba alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Mimi nikiota nywele leo, wajukuu watanikimbia." Shemeji akasema yeye hana haja nayo, mwanamme si nywele. Kaka hakusema kitu. Alinyanyuka akatwambia anakwenda kusali Alasiri, na adhana ilikuwa bado.

Tuanze na baba. Sisi hatukumjua baba na nywele. Tumezaliwa tumekikuta kipara, kinang'aa, na tulipokuwa wadogo tukigombania nani akipake mafuta. Alipokwenda Umra, alitusimulia, alikaa kwenye kiti cha kinyozi Makka na kinyozi akamtazama, akatabasamu. Baba akamwomba apitishe wembe tu juu ya kichwa, kama wanavyofanya wasio na nywele, na akalipa bei ile ile ya wenzake. Kisa hiki hukisimulia kila akipata mgeni, na kila mara anacheka kama ndiyo kwanza kimetokea.

Kwa hivyo tuliamini kuwa baba hakuwahi kujali. Alipotoka kwenda kusali, mama akatwambia, "Msimwamini huyo." Kumbe nywele zilipoanza kumwondoka, hajafika miaka 30, baba alikuwa akijipaka kila usiku: maji ya vitunguu, mafuta ya nazi yaliyochemshwa na habasoda, na kila alichoambiwa na watu wa barazani. Mama anasema foronya zilikuwa zinanuka kama sufuria la pilau, na anayefua ni yeye. Aliacha alipozaliwa mkubwa wetu. Mama hakujua kama alikata tamaa au alipata la kumshughulisha zaidi.

Tulipomuuliza tena baadaye, peke yake, bila ya watu, baba alijibu jengine kabisa. "Ningelipewa wakati ule, ningeipokea kwa mikono miwili. Sasa nishakizoea, nacho kishanizoea."

Hapo tukaanza kufahamu kuwa suali letu halina jibu moja. Mwenye kipara wa miaka 70 na mwenye kipara wa miaka 30 hawaulizwi kitu kimoja, hata maneno yakiwa yale yale.

Na tuseme kidogo kuhusu kipara chenyewe, kwa sababu visiwani kwetu kina hadithi nyingi. Kofia haisababishi kipara. Wala si kweli kuwa mtu hukirithi kwa wajomba tu. Kinarithiwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mwaka 1942 mtafiti mmoja wa Marekani, James Hamilton, aliandika kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawapati kipara, lakini wakipewa homoni ya kiume, wale wenye asili hiyo kwao huanza kunyonyoka. Yaani kinachowatoa nywele ndicho hicho hicho kilichowaota ndevu. Ajabu ni kwamba mwanamme anayepata kipara ndiye anayejihisi uanamme unampungua.

Sasa shemeji. Tumemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, na alikubali kwa sharti tusimtaje jina.

Mwaka juzi mwenzetu wa kati alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku moja anafua, akakuta kwenye mfuko wa suruali ya mumewe kijikaratasi kimefungwa vipande vya vidonge, robo robo. Moyo ulimpasuka. Alidhani ni dawa za nguvu za kiume, na mwanamke mjamzito akishafika hapo, mke wa pili anamwona mlangoni. Alilia siku mbili kabla ya kutupigia simu. Tukamwambia avipeleke duka la dawa akaulize, lakini asivishike tena kwa mkono, hatujui ni kitu gani. Alhamdulillah kwa tahadhari hiyo.

Mwenye duka alipopata jina la dawa kutoka kwa shemeji mwenyewe, kwa simu, akawaita wote wawili. Ilikuwa finasteridi. Dawa hii ilianza kwa wazee wenye matatizo ya tezi dume, mwaka 1992 huko Marekani, na mwaka 1997 ikaidhinishwa kwa kipara kwa kipimo kidogo cha miligramu 1. Shemeji yetu alikuwa akinunua vile vikubwa vya miligramu 5 na kuvikatakata ili vimfae siku nyingi. Akivikatia wapi? Jikoni, usiku, kwa kisu chetu cha vitunguu, juu ya kibao chetu cha kukatia mboga.

Kidonge kizima kina ganda linalokifunika. Kikikatwa au kikisagwa, mwanamke mjamzito hatakiwi kukigusa, kwani dawa inaweza kupenya kwenye ngozi, na kama mtoto ni wa kiume inaweza kudhuru maumbile yake tumboni. Mwenzetu alikuwa na mtoto wa kiume. Miezi minne iliyobaki sote hatukulala vizuri. Alizaliwa salama salimini, mzima wa viungo vyote, na kila tukimwogesha tunamshukuru Mola.

Tulimuuliza shemeji: kwa nini usiseme? Unameza dawa ambayo wengine huwapunguzia hata hamu ya ndoa, bila daktari, bila kumwambia mke? Alijibu kwa sauti ndogo: "Mngenicheka."

Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu tungemcheka kweli.

Tujitazameni sisi wenyewe, mashoga. Kabati la bafuni letu lina nini? Hina, mafuta ya nazi, mafuta ya mbarika, dawa ya kulainisha, dawa ya kuzuia zisikatike. Tukisukwa tunakaa kutwa nzima na hakuna anayetuita wapuuzi. Mwanamme akionekana na chupa moja ya mafuta ya nywele tunakonyezana. Tuna majina yote: uwanja wa ndege, kioo, taa ya barabarani. Tunasema kipara ni pesa, na tunadhani hilo angalau ni sifa. Lakini hata hilo lina mwisho mbaya. Mwaka 2017, kwa majirani zetu Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, polisi ililazimika kuwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini kuwa ndani ya vichwa hivyo mna utajiri. Hatusemi mzaha wetu wa ukumbini ni sawa na uuaji. Tunasema kichwa cha mtu ni cha mtu, si kitu cha kuchezea maneno.

Na hapa tunafika kwa kaka yetu, aliye mdogo wetu sote.

Alikuwa na miaka 24 nywele zilipoanza kurudi nyuma. Sikukuu moja, alipokuwa amelala mchana, tulimvua kofia, tukampiga picha ya utosi, na tukaituma kwenye kundi la familia. Ndugu wa Pemba, wa Dar, wa Muscat, wote wakacheka. Yeye pia aliweka alama ya kicheko. Tangu siku hiyo, miaka saba sasa, hatujamwona bila kofia. Mama humshonea za viua kila mwaka na husifu sana kuwa kijana wake anapenda mila. Hatukuwahi kumwambia mama kuwa mila haihusiki.

Posa yake imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema fedha. Mara ya pili alisema kazi. Usiku wa Sikukuu hiyo tuliyoanza nayo, tulimfuata barazani, na kwa mara ya kwanza tukamwomba radhi kwa ile picha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi naisubiri hiyo dawa. Nasoma habari zake kila wiki. Nilisema nikipona ndiyo nitaoa."

Alijua kila kitu kuliko sisi. Alijua minoksidili, iliyoanza kama dawa ya presha mpaka wagonjwa wakaonekana wanaota nywele, ikaidhinishwa kupakwa kichwani mwaka 1988, na kwamba ukiiacha, zilizoota zinaanguka tena baada ya miezi. Alijua kuwa kule Istanbul, ambako kupandikiza nywele kumekuwa biashara kubwa, hawaongezi unywele hata mmoja: wanatoa za kisogoni na kuzihamishia mbele, kama tunavyong'oa miche ya mpunga kitaluni na kuipandikiza bondeni. Alishapiga hesabu ya nauli. Alikuwa anaogopa tu kuwa ni haramu, na hakuthubutu kumuuliza sheikh yeyote, kwa sababu angelazimika kuvua kofia.

Tukamkumbusha hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu. Malaika alimwendea kila mmoja kumuuliza anachokipenda zaidi. Mwenye kipara alitaka nywele nzuri, na aondokewe na kile ambacho watu walimchukia kwacho. Akapanguswa, akapata nywele, akapewa na ng'ombe mwenye mimba, mali ikazaa. Hakulaumiwa kwa kutaka. Alipokosea ni baadaye, malaika alipomjia katika sura yake ya zamani, masikini mwenye kipara anayeomba msaada, naye akamnyima na kudai kuwa mali ni ya urithi. Kwa hadithi hii hii Sheikh Ibn Uthaymin alijuzisha kupandikiza nywele, kwa kuwa ni kurejesha alichokiumba Mwenyezi Mungu na si kubadilisha. Kuunganisha nywele za mtu mwengine ndiko kulikokatazwa. Na sisi si wanazuoni; aliye na shaka amuulize sheikh wake.

Kilichotugusa zaidi katika kisa hiki ni yale maneno ya mwenye kipara, kuwa watu walimchukia. Kichwa kitupu hakiumi wala hakiwashi. Kilichomuuma kilitoka kwa watu. Na watu wa kwanza wa mwanamme ni wa nyumbani kwake: dada zake, mama yake, mkewe.

Basi jibu letu la suali tulilouliza ni hili. Wengi wataitaka, wakiwamo waliosema hawaitaki. Wapeni haki hiyo. Ikija dawa ya kweli, yenye kibali cha daktari, mume akiitaka asiifiche mfukoni, na asipoitaka asilazimishwe. Lakini ile dawa haijafika, na kijana wa miaka 31 hawezi kuweka maisha yake rafuni akiisubiri. Yale maumivu mengine, ya kuchekwa, dawa yake imo midomoni mwetu tangu zamani, ni sisi tu hatujaitumia.

Ile picha tumeifuta kwenye kundi, na tumewaomba ndugu nao waifute. Kaka amekwenda kwa daktari wa ngozi, kwa miguu yake, na mmoja wetu alikaa naye kwenye foleni. Yule binti amepelekewa ujumbe kupitia kaka yake, kuwa mposaji ana kipara na asije akaambiwa na watu. Jibu lake bado hatujalisikia, na hilo ni lake yeye. Posa, inshallah, baada ya Sikukuu Kubwa. Tuombeeni.

Na wewe dada, jioni ya leo mumeo akivua kofia, usiseme kitu. Au kama utasema, mwambie ukweli: tangu lini ulimpenda kwa nywele?

Wabillahi tawfiq.