Kasiba ya Bunduki Yangu

Naishi Likoni, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kasiba ya kwanza ya bunduki yangu ya kulengea shabaha, kwa uvivu wangu wa kuifuta, ililiwa na kutu mpaka risasi zikawa zatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe.

Nilipopata kibali cha serikali na akiba ndogo ya kununua nyingine, tamaa ilinivuta kwenye iliyo ndefu. Kumbe urefu huongeza mwendo wa risasi kidogo tu, yapata mita 7 au 8 kwa sekunde kwa kila inchi, nao huongeza uzito na bei. Fundi akaniuliza swali nisilolitazamia: "Bwana, utapiga risasi gani?" Tundu la gobori la wazee lilikuwa laini. Kasiba ya siku hizi ina mifereji iliyopinda kama parafujo, izungushayo risasi isije ikapinduka hewani. Na risasi ndefu yataka mifereji iliyopinda zaidi kuliko fupi. Mimi nilikuwa nikitazama mng'aro!

Basi nikachukua kasiba ya urefu wa wastani, ya chuma kisichoshika kutu upesi, yenye mifereji iliyoafikiana na risasi zangu. Fedha iliyosalia nikanunulia mafuta na ufito wa kusafishia. Mti wa zamani, wenye ufa kitakoni, niliubakiza. Wenzangu wangali wakiucheka.