Kicheko na Deni Lake

Kicheko ni neema. Mwenye njaa hucheka, mgonjwa hucheka, na mfiwa hucheka hali machozi hayajamkauka. Sijapata kuona watu wasiocheka, wala sitamani kuishi kati yao. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asinidhanie kuwa mmoja wa wale wakunjao uso kila wasikiapo mzaha. Mimi ni mpenzi wa vichekesho. Jioni nyingi, kazi za chuo zikiisha, huketi mbele ya televisheni pamoja na watu wa nyumbani mwangu, nikacheka hata mbavu zikaniuma. Basi maneno nitakayoyasema juu ya mipaka ya mzaha ni maneno ya mshitakiwa, si ya hakimu.

Shitaka lenyewe ni hili. Miaka michache iliyopita nilikuwa na semina juu ya matumizi ya lugha. Kijana mmoja, mzaliwa wa kandokando ya Ziwa Victoria, alisimama kusoma insha yake juu ya lugha ya kampeni za uchaguzi. Insha ile ilikuwa njema kuliko zote za muhula ule. Lakini lugha aliyoinyonya kwa mama yake, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, haitenganishi sauti ya *l* na sauti ya *r*; na alipofika mahali pa kupiga kura, ulimi wake ukateleza, akasema watu walikwenda kupiga kula. Mwenzake aliyeketi nyuma akalirudia neno lile kwa sauti na kwa mabega ya mchekeshaji ambaye sote tulikuwa tumemwona katika televisheni usiku uliotangulia. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Kijana akacheka pia, akamaliza kusoma, akaketi.

Tangu siku ile hakusema tena darasani. Majibu yake aliyaleta kwa maandishi, nayo yalikuwa mazuri kama kwanza. Nilidhani ni haya ya ujana. Mwisho wa muhula alikuja ofisini kwangu, akaniamkia, kisha akaniomba shauri juu ya njia ya kuacha masomo ya ualimu na kuhamia masomo mengine. Nilimwuliza kama kicheko cha siku ile ndicho kilichomuudhi. Alijibu kwa upole:

"Hapana, Mwalimu. Sikukasirika; najua ulikuwa mzaha. Lakini nimefahamu kwamba nitakaposimama mbele ya wanafunzi hawatanisikia mimi. Watamsikia yule wa televisheni."

Nimeandika tasnifu juu ya Kiswahili na nimekifundisha kwa miaka mingi, lakini sikuwa na jibu. Kazi yangu ni kuwapa vijana ulimi, na mbele ya macho yangu ulimi wa kijana mmoja ulikuwa umefungwa, nami nilikuwa nimeshika ncha moja ya kamba.

Baada ya hapo nilianza kuvitazama vichekesho vya jioni kwa jicho la pili. Niliona mlinzi wa Kimasai asiyejua swichi ya taa. Niliona mfanyakazi wa nyumbani ambaye kila akifungua kinywa hutoka upuuzi. Niliona mwenye kigugumizi akikwama katika neno moja mpaka watazamaji wakapiga makofi, na mzee wa shamba aliyekuja mjini akapotea mbele ya mlango wa kioo. Sisemi kwamba kila mchezo huwa hivi. Wako wachekeshaji ambao akili zao ni pambo la nchi. Lakini watu hawa nilikutana nao mara nyingi mno, na nilipohesabu niliona kwamba karibu wote wana jambo moja la kufanana: hawana kipindi chao cha kujibu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba sisi ni watu wa utani, na kwamba babu zetu walisema maneno makali kuliko hayo. Ni kweli, na mimi ni shahidi. Nilizaliwa Muheza, katika mkoa wa Tanga, zama ambazo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, ilhali Unguja ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Vichekesho vyetu vilikuwa vya barazani, shambani na matangani. Babu yangu alikuwa akichechemea, na kifua chake kilikuwa cha kikohozi. Siku ya maziko yake mtani wetu mmoja aliingia uani amevaa kanzu ya marehemu, ameshika bakora yake, akachechemea kama yeye, akakohoa kama yeye, na kwa sauti yake akadai ubwabwa wake kabla hajaondoka. Wanawake walikuwa wakilia, wakacheka. Bibi yangu, aliyekuwa hajala tangu jana, alicheka hata akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mimi nilikuwa mtoto. Nilikasirika, nikaokota kijiti nimpige mtu yule. Baba yangu alinishika mkono, akasema, "Mwache, mwanangu. Huyo ndiye aliyechimba kaburi tangu alfajiri."

Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kuyaelewa maneno yale. Alichofanya mtani wetu na alichofanya yule wa televisheni, kwa sura ya nje, ni kitu kimoja: kila mmoja aliiga kasoro ya mtu asiyeweza kujitetea. Lakini mtani alikuwa amelipa. Mikono yake ilikuwa na udongo. Isitoshe, tulijua sote kwamba msiba ukifika kwake, mmoja wetu atavaa kanzu yake na kumwiga yeye, naye hatakuwa na haki ya kununa. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao watu huuhusisha na safari za misafara ya zamani kati ya bara na pwani, ulisimama juu ya msingi huo: nikucheke nawe unicheke, na ukifa niwe wa kwanza kukushughulikia. Hata makabila yaliyopigana vita, kama Wahehe na Wangoni, yalipata katika utani njia ya kuugeuza uadui uwe jamaa. Kwa hiyo utani haukuwa ruhusa ya kusema lolote. Ulikuwa deni, na kila aliyecheka alijua atadaiwa.

Televisheni imekichukua kicheko, ikaliacha deni. Mchekeshaji humwiga mtu asiyemjua, mbele ya maelfu asiowaona, na kipindi kikiisha huenda zake. Mlinzi wa kweli, aliyeketi langoni na redio yake, hana jukwaa la kumwiga mchekeshaji. Kijana wa Ziwa hana kamera. Tena mtani husema neno lake mara moja, likapita pamoja na siku ile. Neno la televisheni hurudiwa kesho shuleni, sokoni na garini na watu ambao hawajapata kumwona yule anayechekwa, mpaka yeye mwenyewe akitokea huonekana kama nakala ya mwigo wake.

Walakini sitaki kusema kwamba kila mwigo wa lafudhi ni uovu, maana nina ushahidi unaonipinga. Mwaka 2009 nilikuwa masomoni Nairobi, na katika chumba cha kulia tulitazama Vitimbi, mchezo wa shirika la utangazaji la Kenya. Mhusika wake mkuu, Mzee Ojwang, alisema Kiswahili kwa lafudhi nzito ya Kijaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Fikiri, msomaji, juu ya wakati wenyewe. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeua watu zaidi ya 1,100, na lafudhi ya mtu iliweza kuwa sababu ya kufukuzwa kwake. Nilitazamia kwamba rafiki yangu Mjaluo, aliyeketi kando yangu, atainuka aondoke. Hakuinuka. Alicheka kuliko sisi sote, akaniambia, "Huyu mzee ni wetu." Wanjau alipofariki Julai 2015 alililiwa na watu wa makabila yote, na wako waliostaajabu kusikia kwamba hakuwa Mjaluo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini lafudhi ile haikuumiza kama ile ya darasani kwangu. Jibu langu ni kwamba Wanjau alilipa deni lake. Alimpa Ojwang nyumba, mke, marafiki, hila, ubahili, aibu na heshima. Tulicheka ujanja wake uliomrudia mwenyewe. Lafudhi ilikuwa nguo aliyovaa, haikuwa kosa lake. Kwa miaka mingi mwigizaji alikaa ndani ya mtu yule kama mpangaji mwema, akaitunza nyumba. Hali kadhalika marehemu Amri Athuman, tuliyemjua kwa jina la King Majuto, mwenyeji wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Katika michezo yake mtu wa kwanza kuaibika aghalabu alikuwa Majuto mwenyewe, kwa tamaa yake na woga wake. Anayejicheka kwanza amekwisha kuweka rehani yake. Anaweza kukopa kicheko kwa wengine.

Wako wasemao kwamba dawa ya mzaha mbaya ni sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, inayokataza maneno ya kuchochea chuki za kikabila, nami naona ilikuwa na haki kufanya hivyo, maana watu walikuwa wamekufa. Lakini chuki ni kitu kimoja na mzaha uumizao ni kingine. Sheria ikipewa kazi ya kupima kila kicheko, mkono wake wa kwanza huwafikia wanaowacheka wakubwa, kwa kuwa wakubwa ndio wenye njia ya kushitaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Moi katika televisheni naye yu madarakani, na Wakenya wakaonja uhuru ambao hawakuwa wameuzoea. Kwetu, mwezi Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alizuiliwa na polisi siku kadhaa baada ya kutoa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Sijasikia mchekeshaji aliyezuiliwa hata saa moja kwa kumcheka mfanyakazi wa nyumbani. Mizani ya namna hiyo haipimi maumivu, inapima vyeo.

Kwa hiyo sidai sheria mpya, wala sidai kwamba kila anayeumia ana haki. Kiongozi anayechekwa kwa ahadi zake za uongo huumia, na inafaa aumie. Mhubiri anayechekwa kwa kupenda sadaka kuliko sala asimlaumu mchekeshaji. Hao wana vinywa, tena vikubwa. Dai langu ni dogo, na namdai mtazamaji pamoja na mchekeshaji. Kabla ya kumcheka mtu tujiulize: je, anaweza kunijibu? Na kama hawezi, nimembebea nini? Wazee walisema, "Mcheka kilema hafi bila kumfika." Mimi sikungoja kufa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, amenipinga. Asema maswali ya namna hiyo ni baridi inayozima moto, na kwamba anayepima kicheko kwanza hatacheka kamwe. Namheshimu, lakini naona kwamba mazoea ya utani yanamkanusha. Watani walijua mipaka yao vizuri, na kwa sababu waliijua walikwenda mbali kuliko mchekeshaji yeyote wa leo: walimcheka maiti mbele ya mjane wake, na mjane akafarijika.

Muhula uliofuata nilifanya jambo ambalo lilipasa kufanywa siku ile ile. Nilisimama mbele ya darasa lile, kijana akiwapo, nikasema kwamba nilicheka, na kwamba kicheko cha mwalimu ni muhuri. Nikawasimulia jinsi wenzangu wa Nairobi walivyonicheka kwa Kiswahili changu walichokiita cha kanzu, nami nikawacheka kwa ngeli zao zilizokwenda kila moja njia yake. Tulivumiliana kwa sababu kila mmoja alikuwa na ulimi wa kumjibu mwenzake, na usiku tulikula sahani moja. Kijana alisikiliza. Mwisho alisema, "Ahsante, Mwalimu," hakuongeza neno.

Alimaliza shahada yake, na alimaliza vizuri. Hakuwa mwalimu. Siwezi kuapa kwamba kicheko chetu ndicho kilichomgeuza, maana maisha ya mtu yana sababu nyingi, lakini siwezi kuapa kinyume chake pia. Televisheni ingali nyumbani kwangu, nami ningali nacheka. Ila mara nyingine, katikati ya kicheko, huikumbuka mikono ya mtani wetu ilivyokuwa na udongo siku ile ya maziko ya babu, nikaitazama yangu.