Jaribio la Saa Saba Usiku

Kwa mwaka mmoja na miezi saba, kila Jumapili saa mbili usiku, mama alinipigia simu kutoka Voi na mazungumzo yetu yalikuwa haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo mwanangu? Umekula?"

"Nimekula."

"Na masomo?"

"Yanaendelea poa."

"Haya, Mungu akulinde. Usilale umechelewa."

Dakika mbili, simu imekatwa, kila mtu ameridhika. Masomo hayakuwa yakiendelea. Niliacha chuo Septemba 2022, nikiingia mwaka wa tatu, karo ikiwa imenilemea na mitihani miwili ikiwa inanidai. Januari iliyofuata mama alikopa Sh18,000 kwenye chama chake cha sokoni akanitumia kwa M-Pesa ili nisajili muhula. Zile pesa zililipa kodi ya miezi mitatu ya bedsita huku Kahawa Wendani, na salio likaisha kwa unga na bando. Nilijiambia nitamweleza nikishajipanga. Wewe unajua vile kujipanga huwa.

Nilianza kuandika makala za kulipwa mtandaoni: maelezo ya magodoro, ushauri wa meno kwa niaba ya madaktari wa nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Laptopu yangu ilikuwa ya mkono wa tatu, memori GB 4, na Windows ilichukua muda wa kuchemsha chai kuwaka. Juni 2023 jirani yangu wa ploti alikuja na flashi akaniwekea Debian 12, ambayo ndiyo tu ilikuwa imetoka. Kwa hivyo Linux niliingia kwa ukata, si kwa ujanja. Mashine ikafufuka.

Mteja wangu mmoja alilipa kwa saa, kwa hivyo nilitafuta programu ya kuhesabu saa za kazi. Nikapata moja ndogo, ya kuandikiwa amri kwenye dirisha jeusi: ukianza kazi unaiambia, ukimaliza unaiambia, mwisho wa mwezi inakupa jumla. Siku moja baada ya kusasisha ikakataa kuwaka. Nikaripoti hitilafu kwa baruapepe kama maelekezo yalivyosema. Aliyejibu alikuwa mjitolea wa Ulaya anayekitunza kifurushi hicho ndani ya Debian. Alirekebisha siku hiyo hiyo, akaomba radhi, kisha akauliza: je, ungependa kutusaidia kuandika majaribio, ili jambo hili lisijirudie bila sisi kujua?

Sikujua majaribio ni nini. Nikasema ndiyo.

Kwa asiyejua: Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu, ambayo pengine umeiona kwenye kompyuta za saiba au za chuo, imejengwa juu yake. Ina makumi ya maelfu ya vifurushi, na wengi wanaovitunza ni watu wa kujitolea. Toleo jipya la kifurushi huingia kwanza kwenye tawi linaloitwa sid, jina la yule mtoto mharibifu wa filamu ya Toy Story, anayevunja vinyago. Likitulia huko kwa siku kadhaa, kwa kawaida 5, linaweza kuvuka kwenda tawi la pili, ambako toleo rasmi lijalo linaandaliwa. Kwenye kivuko hicho ndipo majaribio yanapofanya kazi. Seva huandaa kontena safi, husakinisha kifurushi kama vile wewe ungekisakinisha, kisha huendesha majaribio yaliyoandikwa na mtunzaji. Halafu huendesha pia majaribio ya vifurushi vingine vinavyokitegemea. Ni kama mwenye ploti kubadilisha bomba la chini, halafu mtu apite kila mlango akifungua mfereji kuona kama maji bado yanatoka. Jaribio lililokuwa likipita likianza kufeli, kifurushi hakivuki.

Kifurushi chetu kilikuwa na jaribio moja tu. Liliiuliza programu: wewe ni toleo gani? Programu ikijibu namba yake, jaribio limepita. Kijani. Programu ingeweza kupoteza saa zako zote za mwezi mzima na bado ikajua jina lake vizuri. Debian wana alama ya kuweka kwenye jaribio la namna hiyo, inayosema hili ni la juujuu. Ukiliweka alama hiyo, kupita kwake hakukipunguzii kifurushi siku za kusubiri, kwa sababu halijathibitisha kitu cha maana.

Nikakaa miezi mitatu nikiandika majaribio halisi. Andika kazi, isome, ifute, jumlisha mwezi. Mjitolea yule alinifundisha sheria moja tu kwa ukali: ukiandika jaribio, kwanza iharibu programu makusudi uone jaribio likifeli. Kama haliwezi kufeli, lifute, linakula umeme wa bure. Akanifundisha pia kwamba jaribio likimaliza kazi yake lakini likanung'unika kwenye mkondo wa makosa, mfumo unalihesabu limefeli, isipokuwa uwe umetangaza mapema kuwa manung'uniko yanaruhusiwa. Katika barua zote tulizoandikiana hakuna siku aliniuliza nimesomea wapi.

Kuandika ndiyo raha. Kutunza ni kama kufua nguo za watoto. Toleo jipya la Python linaingia, neno moja kwenye ujumbe linabadilika, majaribio manne yanakuwa mekundu na hakuna kilichoharibika kwa kweli. Unasoma logi ya mistari elfu mbili ukitafuta mstari mmoja. Hulipwi. Mimi nilifanya usiku, kwa sababu mchana nilikuwa na magodoro ya kuandika na bando la usiku lilikuwa nafuu.

Kisha Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, akatangaza jambo lililowanyima watu usingizi. Alikuwa akifanya vipimo vya PostgreSQL kwenye Debian sid akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza ile nusu sekunde. Aliifuata hadi kwenye xz, programu ya kubana mafaili, na kukuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yamefichwa mlango wa nyuma. Na ulifichwa wapi? Ndani ya mafaili ya majaribio, yaliyofanana na sampuli zilizoharibiwa makusudi kwa ajili ya kupima. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia sid na kuvuka kwenda tawi la pili, ingawa toleo rasmi la Debian halikuguswa.

Nilisoma habari hiyo nimekaa kitandani na nikahisi aibu ya ajabu, kama mtu aliyetajwa. Mafaili ya majaribio ni mahali ambapo hakuna mtu huangalia. Ukiona folda hiyo unaamini ni ya wema.

Wiki ile niliamua kupitia majaribio yangu yote 11, moja moja. Utaratibu ni kuyaendesha kwenye kontena safi, lakini kontena zilikuwa zikinyonga memori yangu na kumaliza bando, kwa hivyo niliyaendesha moja kwa moja kwenye laptopu. Saa saba usiku, kumi yakapita, moja likafeli. Lile rahisi kuliko yote: andika kazi ya leo, kisha uliza orodha ya leo, utegemee kuona kazi moja. Orodha ilikuwa tupu.

Asubuhi nikarudia. Likapita. Kwenye seva za Debian lilikuwa kijani, kijani, kijani, tangu siku ya kwanza. Usiku uliofuata likafeli tena.

Jaribio kama hilo, linalopita leo na kufeli kesho bila mtu kugusa kitu, ni kigeugeu. Na kuna dawa yake ya haraka: kwenye faili ya debian/tests/control unaongeza neno moja linalosema hili ni kigeugeu, likifeli msilihesabu. Ni dawa halali. Kuna majaribio yanayostahili. Niliongeza neno hilo, nikahifadhi, nikaandika na maelezo mazuri ya kumtumia mjitolea. Sikuwa nimebonyeza kutuma wakati simu iliita. Ilikuwa Jumapili, saa mbili.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na masomo?"

Mara hii nilichelewa kidogo kujibu. Pengine nusu sekunde.

"Uko sawa wewe?" mama akauliza.

"Niko poa. Netiweki tu."

Alinyamaza, akasema haya, Mungu akulinde. Nikarudi kwenye laptopu na sikuweza kutuma ile barua. Nikafungua daftari nikaandika saa za kila mara nilipoendesha lile jaribio. Saa saba, limefeli. Saa nane na nusu, limefeli. Saa tisa na dakika ishirini, limepita. Saa mbili asubuhi, limepita. Kila kufeli kulikuwa kati ya saa sita usiku na saa tisa. Masaa matatu kamili.

Kenya iko masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Programu ilikuwa inaandika kazi kwa tarehe ya UTC, lakini ikiulizwa "leo" inatumia tarehe ya mahali ulipo. Nairobi ikishapita saa sita usiku, UTC bado ni jana. Kwa hivyo kazi yangu ya usiku wa manane ilikuwa inahifadhiwa jana, na kila nilipokesha kuamkia tarehe moja, saa zangu za mwezi mpya zilirudi kwenye mwezi uliopita. Seva hazikuona kitu kwa sababu zenyewe zinaishi kwa UTC. Jana yao na yangu hazijawahi kutofautiana. Jaribio halikuwa kigeugeu. Lilikuwa likisema ukweli ule ule kila usiku, na mimi nilikuwa karibu kuliwekea kibandiko cha kulinyamazisha.

Kuna kifaa kinaitwa faketime, kazi yake ni kuidanganya programu kuhusu saa. Niliandika jaribio la kumi na mbili: jifanye uko Nairobi, jifanye ni saa saba usiku, sasa andika kazi na uisome. Likafeli hata kwenye mazingira ya UTC, hata mchana kweupe. Sijawahi kufurahia wekundu hivyo. Kisha nikarekebisha mistari miwili ya msimbo, likapita, nikatuma. Nililifuta pia lile la kuuliza toleo.

Jumatano nilimpigia mama saa nne asubuhi. Alipokea akiwa sokoni, na kwa kuwa haikuwa Jumapili, salamu aliziruka.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa mama. Niliacha chuo."

Nilisikia mtu akiuliza bei ya nyanya, mara mbili, bila kujibiwa.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na zile elfu kumi na nane?"

"Nililipa nyumba."

"Nimemaliza kulipa chama mwezi wa nane," alisema, sauti ya chini, kama anayeongea na mtu mwingine. "Kila wiki nilikuwa natoa, nikisema mwanangu anasoma." Kisha akakata.

Jumapili hiyo simu haikuita. Iliyofuata pia. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba siku nikisema ukweli nitahisi mwepesi, kama kwenye ushuhuda wa kanisani. Sikuhisi mwepesi. Nilihisi njaa na nikaogopa kula. Siku ya kumi na mbili mjitolea alinijibu kuwa rekebisho limekubaliwa, akauliza imekuwaje watu wote hawa hawakuona hitilafu hiyo miaka yote. Nikamjibu nafikiri wengi walikuwa wamelala.

Mama alipiga Jumapili ya tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kimya. "Umekula nini?"

Niliangalia sufuria. Swali hilo halijibiwi kwa ndiyo.

"Chai. Chai na mkate wa jana."

"Na kazi yenyewe hiyo ya kompyuta, unafanya nini hasa? Nieleze polepole."

Nilieleza kwa dakika arobaini. Alinikatiza mara nyingi. Mahali pa bomba na mfereji alielewa, mahali pa kutolipwa alikataa kuelewa, na sikumlaumu. Huwa namtumia Sh1,500 kila tarehe tano. Mwezi mmoja nilikosa, nikamwambia nimekosa, akanigombeza hadi salio likaisha.

Kifurushi chetu sasa kina majaribio 19. Leo asubuhi mawili ni mekundu. Nitayaangalia usiku.