Juma Moja katika Darasa la Tatu

Mwezi Julai mwaka 2023 tulikaa juma zima katika Darasa la Tatu la shule moja ya msingi ya Kanisa Katoliki, wilayani Mbinga, kwenye vilima vya Umatengo. Tulikuwa tumekwenda kuwakagua walimu-wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Yule aliyepangiwa darasa hilo akaugua siku ya kwanza, na Sista aliyekuwa mwalimu wa darasa alikuwa na darasa jingine la kuangalia saa zile zile. Tuliona ni aibu mkufunzi kuketi nyuma na fomu yake ilhali watoto 41 hawana mwalimu. Basi tukashika chaki wenyewe. Nyinyi wanachuo, mnaotusikia tukinena kwa uhakika juu ya mbinu za kufundisha kusoma, hamna budi kujua kwamba siku hiyo mkono ulitutetemeka ubaoni.

Masomo mengi ya shule hiyo hufundishwa kwa Kiingereza. Sisi tulipewa vipindi vya Kiswahili. Tulipoingia tulisema, “Tumsifu Yesu Kristo,” na darasa zima, limesimama wima ndani ya masweta yake, likajibu, “Milele, amina,” kwa sauti moja iliyotufurahisha mno. Sauti hiyo moja ndiyo iliyotawala kipindi chote. Tulisoma nao hadithi ya mbuzi na fisi katika kitabu cha kiada: sisi tunatangulia, wao wanafuata. Kisha tukamwita mvulana mmoja wa dawati la nyuma asome peke yake. Alisoma aya nzima bila kukwama, akitua penye nukta na kupandisha sauti penye swali. Tulilitaka darasa limpigie makofi matatu, nasi tukaandika katika daftari letu kwamba huyo ni msomaji wa mfano.

Jumanne tulirudia hadithi ile ile. Safari hii tulipita kati ya madawati, jambo ambalo twawaagiza kila mara na ambalo Jumatatu tulilisahau. Mvulana yule alikuwa akisoma kwa ufasaha uleule, lakini kitabu chake kilikuwa wazi kwenye ukurasa mwingine kabisa, penye picha ya soko. Kinywa kilikuwa kinasimulia habari za fisi, na kidole kilikuwa kinatembea kwa heshima juu ya bei za nyanya.

Mchana, wenzake walipokwenda kucheza, tulimwandikia katika karatasi: Fisi alimkimbia mbuzi. Akaitazama kwa makini, akasoma, “Mbuzi alimkimbia fisi.” Tulimwonyesha neno la kwanza peke yake, tukalifunika la pili na la tatu. Akasema, “Mbuzi.” Hakuwa mkaidi wala mvivu. Alikuwa amejua hadithi nzima kwa masikio tangu mara ya pili kuisikia, na yamkini aliamini kwamba hivyo ndivyo watu wote wasomavyo.

Sista alipoarifiwa hakushangaa kama tulivyodhani. Alikaa kimya, kisha akasema, “Mwalimu, huyu ndiye anayewaongoza wenzake katika sala. Hakosi neno. Nani angedhani?” Tulitazama naye taarifa za maendeleo za miaka miwili, zote zilisema anasoma vizuri. Baba yake huuza kahawa ili apate ada, naye alikuwa amezipokea taarifa hizo na kuziamini. Mwaka uliofuata mtoto angeingia Darasa la Nne, ambako upimaji wa taifa ungemkalisha peke yake mbele ya karatasi asiyoisikia ikisemwa na mtu.

Wapo wakufunzi wenzetu ambao, wakisikia habari kama hii, hulitupia lawama somo la dini. Husema kwamba shule za misheni ziliwazoesha watoto kujibu maswali ya katekisimu kwa kukariri, na mazoea hayo hayajaisha. Sisi hatukubali. Wabenediktini walifika Peramiho, upande huu huu wa kusini, mwaka 1898. Katika nyakati ambazo vitabu vilikuwa adimu, mtu aliyebeba maneno kichwani alikuwa amebeba kitu cha maana. Sala hukaririwa kwa sababu ni ya kukaririwa. Kosa letu ni kukifundisha kitabu kana kwamba ni sala. Na kosa hilo tumeliona hata katika shule za serikali ambazo hazina kanisa karibu, hasa pale watoto walipo wengi na mwalimu ni mmoja.

Jumatano asubuhi kulikuwa na Misa, na vipindi vikapungua. Baadaye tulikaa na mtoto yule chini ya mti, tukaandika maneno ambayo hatukuwa na haja ya kumfundisha: Tumsifu Yesu Kristo. Tulimwomba ayaseme huku akigusa kila neno mara moja. Aligusa neno la kwanza akasema “Tu”, la pili akasema “msi”, la tatu akasema “fu”. Maneno yakaisha, naye hajamfikia Yesu. Akatutazama, akaanza upya, yakamwishia tena. Hapo ndipo tulipoelewa sisi wenyewe kile alichokosa. Tulikuwa tukihangaika na silabi na herufi, kumbe mtoto hakujua kwamba ile nafasi nyeupe kati ya neno na neno ina kazi. Kwake maandishi yalikuwa mstari mmoja mrefu, na sauti mto mmoja usiokatika. Tulirudia zoezi hilo mara nyingi, hatukumbuki ngapi. Mwishowe kidole na sauti vilifika pamoja kwenye neno la tatu, akacheka peke yake.

Alhamisi tulilitoa somo nje, kwenye shamba la ngoro lililo chini ya shule. Wamatengo wamelima ngoro kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika jambo hilo mwalimu alikuwa mtoto yule. Alitueleza jinsi nyasi zinavyolazwa kwa mistari inayopishana hata zikafanya miraba. Jinsi udongo wa katikati ya mraba unavyochimbwa na kufunika nyasi hizo ziwe matuta. Na jinsi shimo linalobaki linavyoyashika maji ya mvua yasiteremke na udongo. Maharage hutangulia juu ya matuta, mahindi hufuata. Tuliandika kwa maneno yake mwenyewe: Baba anachimba shimo. Maji yanakaa ndani. Hiyo ndiyo zana pekee ya kufundishia tuliyoitengeneza juma lile, nayo haikugharimu zaidi ya kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito.

Ijumaa tulimpa sentensi yake imekatwa vipande, neno kwa neno. Aliipanga, akaisoma, akagusa. Kisha, bila kumwambia, tukabadili nafasi ya vipande viwili. Alianza kwa kasi yake ya kawaida, “Shimo…”, akasita. Akarudi nyuma. Akasoma polepole hadi mwisho, “Shimo anachimba baba,” akainua uso. “Mwalimu, mmekosea. Shimo haliwezi kumchimba baba.”

Kwa neno “ndani” alikuwa bado anakisia, na herufi “nd” zilimpa taabu hadi tulipoondoka. Sista alichukua vipande vile akaahidi kuendelea naye dakika kumi kila siku kabla ya kengele ya mchana.

Siku hiyo hiyo tuliwaita watoto wote, mmoja mmoja, nyuma ya darasa, tukawapa sentensi tatu ambazo hazimo katika kitabu chao. Kazi hiyo ilimaliza vipindi viwili. Tuliwapata wengine wanne. Mmoja alikuwa binti ambaye Jumatatu tulimteua kuwasomesha wenzake wa kundi lake, kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa.

Katika fomu yetu ya ukaguzi kuna kifungu cha ushiriki wa wanafunzi. Tuliporudi chuoni tulifungua kabati na kuzisoma fomu za walimu-wanafunzi tuliowakagua mwaka 2022. Katika nyingi ya zile zenye alama za juu kwenye kifungu hicho tulikuwa tumeandika, kwa mkono wetu, maneno haya: Darasa liliitikia vizuri.