Ulimi Unaowaka Bila ya Kidonda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, yako maradhi ambayo kila mtu huyaona, na yako maradhi ambayo huyajua mgonjwa peke yake. Aliyevunjika mguu hupewa kiti na kupishwa njia, lakini mwenye maumivu yasiyoacha alama huambiwa anadeka. Leo nataka tuzungumze juu ya maradhi ya namna hii ya pili, nayo ni ya kinywa kuwaka moto, na juu ya tiba moja inayosifiwa sana siku hizi, yaani tiba ya mwanga wa leza wa nguvu ndogo.

Mimi nasomesha Qur'ani hapa Makanyagio, kata moja ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Nyinyi mlioko pwani mkitaka kutufikia kwa reli, itawapasa mwende hadi Tabora, mshike njia ya Kaliua, kisha muifuate reli inayoteremka kusini mpaka pale inapokoma. Hapo ndipo Mpanda. Nayataja haya ili mfahamu kwamba kwetu hospitali kubwa za rufaa kama Bugando na Muhimbili ziko mbali, na kila safari ya matibabu huhesabiwa kwa magunia ya mavuno.

Jirani yetu mmoja, mama wa miaka 58, alianza kulalama kwamba ulimi wake unawaka kama wa mtu aliyeungua na chai. Asubuhi huwa nafuu, mchana moto huzidi, na ikifika magharibi hukaa na kikombe cha maji mkononi. Chakula kikawa na ladha ya chuma. Wanawe walimmulika kinywani kwa tochi wasione kidonda wala uvimbe. Mwezi wa kwanza walimhurumia, wa pili wakanyamaza, na wa nne mkubwa wao akanijia akaniuliza: "Maalim, mama yetu alikuwa na maneno mengi juu ya watu. Je, si ulimi wake huo unaoadhibiwa?"

Nilimwambia: "Mwanangu, ni nani aliyekuonyesha daftari la Mola wako?"

Kusengenya ni haramu, hilo halina shaka, na mwenye kusengenya na atubu. Lakini kuyasoma maradhi ya mtu kuwa ni hukumu ya dhambi fulani ni kudai elimu ya ghaibu, na juu ya hayo ni dhana mbaya kwa mzazi. Nabii Ayyub (A.S.) alipatwa na madhara makubwa, naye ni Mtume mteule. Alimweleza Mola wake shida yake, na pamoja na hayo Mwenyezi Mungu Amemsifu kwa subira. Basi mtu kusema "naumwa" si kukosa subira. Na wazee wetu wamekwisha sema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena maradhi haya si ya kubuni. Madaktari wanayatambua, nao huyahesabu kuwa ni ugonjwa wa kinywa kuwaka pale mtu anaposikia moto kinywani kila siku, zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa muda unaopita miezi 3, hali kinywa chenyewe ni kizima ukikitazama, wala vipimo havionyeshi sababu nyingine. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Wataalamu wengi wanaona kwamba shina lake ni mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu na ladha: mishipa hiyo hupeleka habari ya moto pasipo na moto. Hauambukizi, wala haugeuki kuwa saratani.

Lakini zingatia, ndugu msomaji, yale maneno "sababu nyingine". Kinywa huweza kuwaka kwa upungufu wa madini ya chuma mwilini, au wa vitamini B12, kwa kisukari, kwa utando mweupe wa ukungu, kwa meno bandia yasiyokaa sawa, na hata kwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama enalaprili. Dawa hizo usiziache kwa shauri lako mwenyewe; mwulize aliyekuandikia. Na nyinyi watu wa pwani mnaopenda tambuu, jueni kwamba popoo huweza kuifanya ngozi ya ndani ya mashavu iwe ngumu, kinywa kikawaka kwa pilipili kidogo tu na kisifunguke vyema. Hali hiyo ni ya hatari, kwani hiyo ndiyo huweza kufuatiwa na saratani. Na kidonda chochote cha kinywani, au doa jeupe au jekundu, likipita wiki 2 lisipone, daktari na alione.

Sasa tuje kwenye leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 tabibu Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alitaka kujua kama mwanga huo unaleta saratani. Akawanyoa panya manyoya, akawamulika. Saratani haikutokea, bali manyoya ya waliomulikwa yaliota upesi kuliko ya wenzao. Tangu hapo matabibu wakaanza kuujaribu kwa vidonda na maumivu. Mwanga huo ni mwekundu, au ule jirani yake usioonekana kwa jicho, na nguvu yake ni ndogo, haukati wala hauchomi. Wataalamu wanaeleza kwamba chembe hai za mwili huupokea katika viwanda vidogo vya nguvu vilivyomo ndani yake, na kwa njia hiyo maumivu hupungua. Mganga huelekeza kijiti chenye mwanga kwenye ulimi, midomo na mashavu kwa muda mfupi, na kazi hiyo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Macho ya mgonjwa na ya mganga lazima yavikwe miwani maalumu.

Je, yafaa? Katika majaribio, wagonjwa wengine hupewa mwanga wa kweli, na wengine hushikiwa mashine iliyozimwa bila ya wao kujua. Majaribio kadhaa yameonyesha nafuu kubwa zaidi kwa waliomulikwa kweli. Lakini wagonjwa wake walikuwa wachache, na vipimo vya mwanga vilitofautiana. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 23 ya tiba mbalimbali za ugonjwa huu, yenye wagonjwa 1,121, wakasema ushahidi hautoshi kuithibitisha wala kuikanusha hata tiba moja. Na hata miongoni mwa wanaoshikiwa mashine iliyozimwa, wako wanaopata nafuu. Hao si waongo. Mtu aliyedharauliwa kwa miezi, akisikilizwa na kuhudumiwa kwa upole, hutulia.

Wale vijana, walipokwisha kumwamini mama yao, waliruka upande wa pili. Walitaka kuuza shamba la mpunga wampeleke kwenye leza, kwa kuwa mtu mmoja aliwaahidi kwamba atapona kabisa. Nikawaambia kwamba anayeahidi kuponya kabisa anaahidi asichokimiliki, kwani mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa, lakini kutafuta dawa huanza kwa kutafuta sababu. Wakaenda kwanza hospitali hapa hapa mjini. Damu yake ikapimwa, ikaonekana ni pungufu kwa kukosa madini ya chuma. Akapewa vidonge, na baada ya miezi kadhaa moto umepungua, haukwisha. Shamba bado lipo. Yaliyobaki watamwuliza daktari wa kinywa baada ya mavuno, kuhusu leza na tiba nyinginezo, na kabla ya kufunga safari watauliza kama kifaa kipo, ni nani anayekitumia, na gharama yake ni kiasi gani.

Mama huyo aliniuliza pia habari ya Ramadhani. Mwanga si chakula wala kinywaji, wala haupeleki kitu tumboni, basi kumulikwa hakubatilishi saumu. Kusukutua kunajuzu maadamu maji hayamezwi. Lakini ikiwa ukavu na moto vinamdhuru hata hawezi kukaa bila ya kunywa, basi yeye ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake: atafungua na alipe siku nyingine akipata nafuu, na ikiwa hakuna tamaa ya kupona, atoe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wala asimcheke mtu kwa ruhusa aliyopewa na Mwenyezi Mungu.

Basi, ndugu msomaji, nyumbani kwako akitokea mtu akasema kinywa kinamwaka na wewe huoni kitu, usimfanyie dhihaka na usimtafutie dhambi. Mwondolee pilipili, ndimu na chai ya moto, usimpake karafuu wala shabu, kampime damu na sukari, na kaa naye jioni wakati maumivu yanapozidi. Leza huenda ikamfaa na huenda isimfae. Kusadikiwa na watu wake kutamfaa leo hii, na hakuuzishi shamba.

Mwenyezi Mungu Awaponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana, na Atulinde na dhana mbaya. Amin.