Dau la Msufi

Msomaji, kama ungeniuliza ni mali gani ya utotoni niliyoipenda zaidi, nisingekutajia hata kitu kimoja kilichonunuliwa dukani. Si kwamba nadharau vitu vya duka. La, bali vilikuwa haba kwetu, na vilivyokuwapo vilivunjika upesi, na kikivunjika hapakuwa na wa kukitengeneza. Vitu tulivyochezea vilitoka mnazini, jaani na pwani. Jani la mnazi lilipindwa likawa kititia, nawe ukakimbia nacho ukiukabili upepo, kikazunguka mpaka pumzi zikakuishia. Chelewa za ufagio wa mama (naye, ole wetu, alizijua idadi yake) zilikuwa mbavu za tiara, na gundi yake ilikuwa uji wa muhogo. Kidaka kilichopenywa kijiti kilikuwa pia. Ndara iliyokatika ukanda ilikatwa miduara minne, ikawa magurudumu ya gari la waya, na kopo la mafuta ya kupikia likawa mwili wake. Wasichana walishona wanasesere kwa vitambaa walivyookota miguuni pa fundi cherehani, wakawavika leso, wakawaoza. Na arusi zile zilikuwa na ugomvi wa mahari kama arusi za watu wazima.

Wako wasemao kwamba michezo ni upotevu wa wakati. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aundaye tiara hujifunza mizani pasipo mwalimu: mkia ukiwa mfupi, tiara hupinduka ikaanguka kichwa chini; ukiwa mrefu kupita kiasi, haipandi. Wala usidhani kwamba kuunda vitu kwa takataka ni jambo la watoto peke yao. Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi walishua dau la urefu wa mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, likaitwa Flipflopi; na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Nilipoiona picha yake nilicheka peke yangu. Tulilokuwa tukilifanya jaani, tukifukuzwa kwa sababu ya uchafu, sasa lilikuwa likitazamwa na dunia.

Lakini kitu changu hasa kilikuwa dau dogo la mti wa msufi, lenye urefu wa shibiri mbili. Mjomba wangu, ndugu mkubwa wa mama, ndiye aliyenipa. Yeye alikuwa fundi wa vyombo, na mikono yake ilinuka mafuta ya sifa hata siku ya Idi. Dau lile lilikuwa na kila kitu: mkuku, mlingoti, foromali, tanga la kitambaa cha marekani, na usukani uliogeuka kweli. Nyuma, katika tezi, palikuwa na alama ndogo iliyochongwa, mfano wa ndoana iliyolala. Nilidhani ni pambo la mafundi. Wakati wa kusi, upepo ulipokuwa na nguvu, nililifunga kamba ndefu lisije likaenda Bara Hindi. Wakati wa kaskazi nililiacha huru katika vidimbwi vya maji yaliyokupwa. Nililichezea miaka minne. Mwishowe mchwa walilila, kama wanavyokula kila kitu kwetu, nikalizika mchangani kwa heshima zote.

Sasa sikiliza habari ya kadi. Katika nyumba yetu hapakuwa na desturi ya kumshukuru mkubwa kwa karatasi. Ulimshukuru kwa kumtekea maji, kwa kumwekea viatu vyake mlangoni, na kwa kuitika alipokuita mara moja. Kadi za salamu zilikuja na watu wengine. Uingereza ilianza kupeleka barua kwa peni moja mwaka 1840, na mwaka 1843 bwana mmoja wa London, Henry Cole, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi, kwa kuwa barua za kujibu zilikuwa nyingi kuliko saa zake. Kwa hiyo kadi ya kupigwa chapa ilizaliwa ili kumpunguzia mtu kazi. Nanyi wanafunzi mnazijua kadi za kutakiwa heri ya mtihani: nyingine zina maua ya dhahabu, nyingine huimba zikifunguliwa, na maneno yake yametungwa na mtu asiyekujua. Sizilaumu. Walakini nasema kwamba kadi iliyotengenezwa kwa mkono ni kinyume chake kabisa. Hiyo humwongezea mtu kazi, na kazi hiyo ndiyo zawadi.

Miaka michache iliyopita nilipata habari kwamba mjomba amepofuka kwa presha ya macho. Nilikuwa nikiishi bara, na kwa simu hatukusikilizana, kwa kuwa masikio yake nayo yalikuwa yameanza kuchoka. Nikaazimu kumpelekea shukrani atakayoweza kuishika. Nilikunja karatasi nene mara mbili. Juu yake nilibandika dau: ubavu wake ulikuwa kibanzi chembamba cha mti, mlingoti na foromali chelewa mbili, tanga kipande cha marekani, na bahari nilishona kwa uzi mnene ili mawimbi yapandishe na kushuka chini ya kidole. Rangi hazikuwa na faida kwake, lakini nilitia manjano kidogo penye jua, kwa ajili ya yule atakayemsomea. Ndani niliandika maneno machache: kwamba dau lile sijalisahau, na kwamba kila nilipotengeneza kitu kwa mikono yangu nilimkumbuka yeye.

Sikuitia posta. Niliipeleka mwenyewe.

Nilimkuta barazani, amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Nilimpa shikamoo, akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja. Nikamtia kadi mikononi. Alianza kuipapasa kutoka omo kwenda tezi, kama alivyokuwa akipapasa mbao zamani kabla ya kuzipigilia misumari. Kidole chake kikasimama katika tezi, kikatafuta, kisha kikarudi mahali pale pale.

“Alama haipo,” akasema.

Nikamwambia kwamba sikuona haja ya kulitia pambo lile.

“Halikuwa pambo, mwanangu. Ilikuwa herufi.”

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hapana mtu aliyepata kunieleza. Kabla sijazaliwa alikuwa na mtoto wa kiume, na dau lile alimwundia yeye. Lilipokuwa limebakia kutiwa tanga, mtoto akashikwa na surua, akafa akiwa na umri wa miaka mitano. Mkewe alitaka dau litupwe. Yeye akalificha darini. Likakaa huko miaka mingi, hata siku moja akaniona pwani nikisukuma kifuu cha nazi majini na kukiita jahazi. Jioni ile akalishusha, akalitia tanga, akanipa. Alisema alikuwa na hofu ya kunitazama nikilichezea. Lakini alitazama, na kila alasiri akawa anakuja pwani kwa kisingizio cha kuangalia maji.

Nilikumbuka kwamba kweli alikuwa akija.

Nikamsomea maneno niliyoyaandika. Akaniambia niyasome tena, polepole. Kisha akauliza kama karatasi bado ina nafasi.

“Ipo, mjomba.”

Akanitajia jina la mtoto wake, ambalo halikuwa likitajwa katika nyumba ile. Niliazima sindano kwa binti yake, nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikaidunga karatasi katika tezi ya dau, tundu baada ya tundu, ili herufi ile iinuke upande wa pili. Yeye alikuwa ameshika upande wa chini wa kadi, akiniongoza.

“Ilalie zaidi,” akasema. “Mkia wake ulikuwa mrefu.”